Chupa ya Saba

Mvua ya Jumanne imepita. Wadi imeazima mto
na bado haijaurudisha.
Nimetoka Sohar na gari la maabara,
chupa kumi na mbili, glovu, chekecheke la nailoni;
la chuma lingesingizia.

Kule juu, mlima uliochimbwa shaba
umeachwa wazi kama kinywa kwa daktari wa meno.
Wachimbaji wameondoka, kifusi hakikuondoka.
Mvua hukinyeshea hicho kwanza,
halafu ndiyo huja huku.

Maji ni maangavu. Hilo ndilo linaloniudhi.
Ungeyaona ungevua viatu.
Nahesabu kokoto chini yake, moja moja,
na ukingoni utando wa kijani,
alama ya pete rahisi
kwenye kidole cha mtu aliyedanganywa dukani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Nainama, mkono hadi kiwiko,
nachota tope laini, jeusi, baridi,
lililojikalia nyuma ya jiwe
kama mtu asiyetaka kuulizwa.
Maji hupita.
Tope huweka.

Muhanna, miaka tisa, ananishikia kalamu.
«Unatafuta nini?»
Nikeli, nasema. Kadimi. Risasi.
«Risasi?» Anageuka kuutazama mlima.
«Nani kapiga?»

Kiarabu chake, Kiswahili cha mama yangu:
neno ni lile lile moja kwa madini na kwa bunduki.
Sikuwa na jibu. Hii haina mlio.
Hupigwa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka,
hupitia majani, hupitia mbuzi, hupitia maziwa.

Chini ya turubai bibi yake, Bi Rayya, anatuita.
Mkeka, sahani ya tende, dele.
Dele la shaba, la mama wa mama yake,
limetiwa bati upya mwaka jana;
analiinamisha nione tumbo linavyong'aa.
«Maji ya falaji,» anasema,
kama anayemtaja mwanawe aliyefaulu.
Kikombe ananijazia robo.
Kukijaza ni kumwambia mgeni aondoke.

Majibu ni baada ya wiki tatu.
Kahawa ni sasa.
Nimesomea maji miaka minne,
nimelelewa miaka ishirini na saba.
Nikanywa.
Iliki, zafarani kidogo. Ladha nyingine hakuna,
nami niliitafuta.
Nikakitikisa kikombe: basi, shukrani.

*

Maji: ndani ya kiwango. Chupa zote kumi na mbili.
Tope la kituo cha saba:
tarakimu nimezisoma, nikapima tena,
nikabadili asidi, nikaosha vyombo upya, nikapima tena.
Hazikuona aibu. Zilirudi vile vile.

Fomu ina safu ya maji.
Safu ya tope haina.
«Hawakuliuliza,» anasema Zahir, mkuu wangu.
Si mtu mbaya. Ana mkopo wa nyumba
na mtoto wa kwanza chuoni.

Nikaandika pembezoni, kwa mkono,
mstari ukapanda ukingo wa karatasi, ukakata kona,
herufi zikabanana nyuma ya muhuri
pale ambapo jicho la mwenye haraka halituami.
Zahir akaona. Akatia sahihi bila kuketi.

Wanasema Alhamisi mvua.
Mto ukija kwa nguvu hauleti maji tu,
huamsha kilicholala.

Kesho naendesha kwenda huko. Sijui nitaanza na lipi,
mbuzi, majani, au lile falaji
alilolitaja kwa sauti ya mama.
Najua tu atanijazia robo kikombe.

Nimenunua katoni mbili za maji ya dukani.
Ziko nyuma ya gari,
nazionea haya tangu asubuhi.